Seva Inamsubiri Marehemu

Taa ya kijani iliwaka, feni ikavuma, na kwa muda mfupi Subilaga Mwakalobo akaamini kwamba safari hii mambo yamekubali. Kisha ikaja ile sauti aliyokwisha kuichukia kuliko sauti zote duniani: pii, pii, piiii. Feni ikanyamaza. Kioo kikabaki cheusi, kikamwonyesha uso wake mwenyewe, na uso wenyewe haukuwa wa kutazamwa.

"Shenzi!" akaifokea seva, akaipiga kofi ubavuni.

"Itukane tu," sauti ikasema nyuma yake. "Imezoea. Marehemu hakuwa anaiamkia bila tusi."

Aliyesema ni Skolastika Kikoti, mjane wa huyo marehemu. Alikuwa ameketi karibu na jiko la mkaa, humo humo chumba cha seva cha zahanati, amejifunga blanketi mpaka kidevuni, kwa sababu huku Lusinga, juu kwenye milima ya Kilolo, ukungu huingia ndani bila kupiga hodi. Chini ya blanketi, upande wa kushoto wa kifua, pampu yake ya moyo ilikuwa ikidunda. Jana ilidunda haraka kidogo kuliko leo, na juzi haraka kuliko jana. Hilo ndilo lililomfanya fundi mzima, aliyetumwa kutoka Mbeya na beji shingoni, apige chuma kofi.

Pampu zile hazikujiendesha zenyewe. Kila asubuhi pampu ilipeleka habari za mgonjwa wake kwa seva ya zahanati, presha yake, uzito wake, baridi ya siku hiyo, na seva ikairudishia kibali: leo dunda hivi. Pampu iliyokosa kibali ilihesabiwa kisheria kuwa imetekwa, na pampu iliyotekwa hupunguza mwendo siku hadi siku mpaka inyamaze. Sheria hiyo ilitungwa baada ya miaka ya watekaji, wakati wezi walipokuwa wakiingia kwenye mioyo ya watu kwa mtandao na kudai fedha. Wakubwa waliona kwamba mwizi akikuta moyo unaozimika wenyewe atakosa cha kuuza. Baba mdogo wa Subilaga alikufa Tukuyu katika miaka hiyo, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika simu, bado anabembeleza. Ndiyo maana Subilaga akajifunza kazi hii, na ndiyo maana aliapa kwamba katika mikono yake hakuna seva itakayofunguliwa na mtu asiyestahili. Sasa sheria ya kuwakomoa wezi ilikuwa inamkomoa bibi aliyeketi jikoni, na wezi wenyewe wala hawakuwa na habari.

Wagonjwa wengine wa kata walikwisha kupelekwa hospitali ya mkoa kwa lori la mbao, kwa kuwa pampu zao mpya hukubali seva yoyote. Ya Skolastika ilikuwa ya toleo la kwanza. Vipimo vyake mumewe alivirekebisha kidogo kidogo kwa miaka mingi, na vilikuwa ndani ya seva hii, si kwingine. Kuibadilisha kungetaka kupasua kifua, na daktari wa mkoa alisema waziwazi kwamba kifua kile hakipasuliwi tena.

Wala msidhani seva ilikuwa imeharibika tangu mwanzo. Subilaga alipofika jana iliwaka vizuri tu, ikaandika kwenye kioo: NIMEFUNGWA NA SEVERINI KIKOTI. NAMSUBIRI MWENYEWE. Severini Kikoti, msimamizi wa seva, alikuwa kaburini tangu wiki iliyopita. Subilaga akaona huo ni upuuzi wa mashine, akafanya anachofanya kila fundi mwenye haraka. Alichomeka kadi ya uokoaji, akaingia kwa mlango wa nyuma, akaling'oa faili la kufuli na kuweka jingine tupu. Alipowasha, seva ikakuta kufuli si lake, ikagoma kabisa. Haraka haraka haina baraka, na maneno hayo hayo yeye mwenyewe alikuwa akiwaimbia wanafunzi wake kila muhula.

Akapiga simu Makao kwa mara nyingine.

"Karibu Makao ya Seva za Afya," ikasema sauti tamu ambayo haikuwa ya mtu. "Eleza tatizo lako."

"Kufuli la msimamizi halifunguki, na seva haiwaki."

"Pole sana. Tafadhali wasiliana na msimamizi wako."

"Msimamizi amefariki."

"Pole sana kwa msiba. Ili tumwondoe kwenye orodha, tafadhali msimamizi athibitishe kifo chake."

"Athibitishe nani?"

"Msimamizi."

"Si nimekwambia amekufa!"

"Asante. Tunasubiri uthibitisho wake."

"Nipe mtu niongee naye. Mtu! Mwenye damu!"

"Watu wote wanapatikana baada ya msimamizi kuthibitisha."

Skolastika alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikamchosha mpaka akafumba macho. Subilaga alikata simu. Machozi ya hasira yalimlenga, akayafuta na mkono wa sweta asije akaonekana.

Kitu kimoja alikuwa amekifanya vizuri. Kabla ya kuling'oa faili lile la kufuli, alilinakili pembeni. Tangu asubuhi alijua kwamba dawa ni kulirudisha, lakini kulirudisha ni kukubali kwamba ameshindwa na mzee aliyekwisha kufa, na Subilaga alikuwa na kichwa kigumu kuliko seva. Sasa akamtazama yule mama, midomo imeanza kupauka. Akaketi sakafuni, akalirudisha.

* * *

Seva iliwaka. Haikulia pii hata moja. Maneno yakatokea palepale yalipokuwa jana: NIMEFUNGWA NA SEVERINI KIKOTI. NAMSUBIRI MWENYEWE.

"Haya, tumerudi tulikotoka," Subilaga akasema kwa uchungu. Lakini safari hii hakukimbilia kadi. Aliiuliza seva swali dogo ambalo halihitaji kufuli kufunguliwa: ulifungwa lini?

JUMANNE, ALASIRI.

"Mama, mlimzika siku gani?"

"Jumanne. Tulitoka makaburini mchana, mvua ikatukimbiza."

Nesi Fides, mlinzi wa afya ya Lusinga nzima, alikuwa ndiyo kwanza anaingia na kipimo cha presha. Alisoma kioo, akapiga ishara ya msalaba. "Amerudi kuifunga," akanong'ona.

"Severini arudi kwa ajili ya kazi?" Skolastika akamjibu bila kufumbua macho. "Alipokuwa hai alikuwa anaitoroka."

Subilaga hakuamini mizimu. Aliamini Kufuli la Tabia, na sasa hilo ndilo lililomtia baridi. Seva za afya hazikuwa na nenosiri la kuandika. Msimamizi aliongea na seva, seva ikamuuliza jambo lolote la kawaida, na katika majibu yake ikapima mwenendo: anakatisha wapi pumzi, anaudhika na nini, anatangulia kumjibu nani, anakohoa kabla ya neno au baada. Sauti ya kurekodiwa haikupita. Mashine za kuigiza sauti hazikupita. Mapacha walijaribiwa, wakakwama. Subilaga mwenyewe alifundisha kufuli hilo Mbeya, na ubaoni aliandika kwa herufi kubwa: NENO HUIBIKA, TABIA HAIIBIKI.

"Jumanne hiyo nani aliingia humu?" akauliza.

"Hakuna," Fides akasema. "Watu walikula hapo barazani kwa ajili ya mvua. Humu hakuingia mtu." Akafikiri. "Labda Mngoni."

"Mngoni gani?"

"Mzee Menas Gama. Mtani wake Severini."

Skolastika alifumbua macho. Akamtazama Fides, Fides akamtazama yeye, na polepole mikono ya Fides ikaenda mdomoni.

Severini alikuwa Mhehe, na Wahehe na Wangoni walipigana sana enzi za mababu. Vita viliisha, wajukuu wakabakiwa na haki ya kutukanana bila kesi. Na msibani, wakati ndugu wamelemewa, ni mtani anayeruhusiwa kuvaa nguo za marehemu, kutembea mwendo wake na kuongea maneno yake, ili waliao wapate pa kupumulia, na kwa kazi hiyo hupewa kuku.

"Alichukua koti pale kwenye msumari," Fides akasema. Lile koti, zito, la kijani, bado lilikuwa linaning'inia pale. Hakuna aliyethubutu kuligusa tangu siku hiyo. "Akatoka nalo barazani anachechemea kama Severini, anatugombeza kwamba wali hauna chumvi. Tulicheka mpaka wengine wakalia upya. Kisha akarudi humu kulitundika, akaanza kuigombeza mashine. Akaiambia, 'Mvivu wewe, bwana wako nimekufa. Jifunge, na usimfungulie mtu yeyote mpaka nirudi mwenyewe!' Watu hoi kwa kicheko."

"Na mashine ikasemaje?"

"Nani alisikiliza? Tulikuwa tunacheka."

Subilaga alibaki ameshika kichwa. Wahandisi wa Makao walimfikiria kila mwizi aliyezaliwa na ambaye hajazaliwa. Mtani hawakumfikiria.

Alipokuwa anavaa viatu vya matope kwenda kumtafuta mzee huyo, Skolastika alimwita.

"Mwanangu. Mwambie yule Mngoni, asipokuja, nimeagiza siku ya kunizika mimi asipewe hata kichwa cha kuku."

* * *

Menas Gama alikuwa kwenye mianzi yake, nyuma ya kilima, anagema ulanzi, pombe ya mianzi. Alikata ncha ya mwanzi mchanga kwa kisu, akafunga chombo chini yake kupokea utomvu, akaenda kwa mwingine. Alikuwa mzee mfupi, mkavu, mwenye macho ya mtu anayetafuta cha kuchekea.

"Kamwene, babu," akamwamkia Kihehe.

"Kamwene. Ila hiyo kamwene yako ina matope ya Tukuyu." Akaangalia beji yake. "Wewe ndiye fundi uliyeiua mashine ya Severini?"

"Nimeshaifufua. Babu, aliyeifunga ni wewe."

Alimweleza. Mzee alianza kwa kucheka, akacheka kwa sauti mpaka ndege wakaruka, halafu kicheko kikamwishia njiani. Akaketi palepale kwenye majani yenye umande, kisu mkononi.

"Mimi? Mimi ndiye nimemfungia Skola?"

"Wewe ulitania. Yenyewe ikasikia amri. Sasa twende ukaifungue, maana pampu ya mama haifiki mbali."

Gama alitikisa kichwa, na aliendelea kukitikisa kwa muda. "Haiwezekani, mwanangu. Matanga yameanuliwa. Nimepewa kuku wangu, nimekula, nimenawa mikono. Mtani humwigiza marehemu msiba ukiwa wazi, mbele za watu, na watu wote wanajua ni Gama yule anafanya wazimu. Msiba ukishafungwa, mtu anayeongea kwa mdomo wa marehemu tunamwita jina lingine, na si jina zuri. Halafu kuna hili. Wale walijua ni mimi. Hiyo mashine haijui. Unataka nikamtanie asiyejua utani. Huo si utani tena, ni utapeli."

Hayo ndiyo Subilaga mwenyewe angeyasema ubaoni.

"Na wewe," Gama akaendelea, sasa kwa upole, "kazi yako si kuwazuia watu wa namna yangu?"

"Ndiyo kazi yangu!"

"Sasa?"

"Sasa sijui, babu! Sijui!" Ilimtoka kwa kelele, na ikishatoka hakuweza kuizuia. "Nikiifuta seva anakufa. Nikiiacha anakufa. Nikikupeleka wewe, nafanya walichokifanya waliomuua baba yangu mdogo. Naingia kwenye moyo wa mtu kwa jina la uongo. Nimeapa, babu. Nimewaapisha na wengine. Toka jana naongea na mashine zisizosikia, na nimechoka!"

Mzee alimwacha aheme. Kisha akauliza, "Hao waliomuua baba yako mdogo, walimwomba ruhusa mwenye moyo?"

"Wamwombe wapi?"

"Na Skola anasemaje?"

Subilaga alikuwa amewauliza Makao, ameiuliza seva, amekiuliza kitabu cha mafunzo. Skolastika hakuwa amemuuliza. Aibu ikampanda mpaka masikioni, akatoa salamu alizopewa, za kichwa cha kuku.

Gama alicheka tena, kidogo, akajifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Mwanamke yule!" Akainuka, akafuta kisu kwenye suruali. "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, wanasema. Mimi Mngoni maskini nimeukosea nini ulimwengu?" Lakini alitangulia njia.

* * *

Skolastika aliulizwa, na hakuchukua muda.

"Moyo ni wangu. Mume alikuwa wangu. Ingieni," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka tangu asubuhi. Fides alikuwa amepiga magoti kando yake, kidole kwenye mshipa wa mkono. "Ila wewe Mngoni, usimfanye mzuri kuliko alivyokuwa."

Gama alisimama mbele ya seva kama mtu aliyeitwa polisi. Alivua kofia. Subilaga akabonyeza, na ile sauti kavu, ambayo kila asubuhi kwa miaka ilimwamkia marehemu, ikatoka kwenye spika.

"Umeamkaje, Severini?"

"Nimeamka salama, namshukuru Mungu," Gama akajibu. Sauti ilikuwa ya Severini mtupu. Fides alishtuka mpaka akaachia mkono wa mgonjwa.

"Wewe si Severini," seva ikasema.

"Hata mimi ningekukataa," Skolastika akasema. "Severini hajaamka salama tangu anioe. Alikuwa anasema, 'Nimeamka. Ulitaka nisiamke?'"

Gama alirudia. Maneno yaleyale, mkwaruzo uleule wa koo, mpaka ile hewa ya puani mwishoni. Seva ikakaa kimya kwa muda, Subilaga akathubutu kutumaini.

"Wewe si Severini. Umebakiwa na jaribio moja. Ukikosea, najifuta."

"Basi!" Subilaga akaruka kuzima kipaza sauti. "Basi, tuache! Unajibu kama mtoto wa kipaimara. Haipimi maneno, babu, inapima mtu. Unaiogopa, na Severini hakuwa anaiogopa!"

"Na nisiiogopeje? Nimeshika roho ya mtu mkononi!"

"Siku ile ya mazishi hukuogopa!"

"Siku ile nilikuwa namlilia rafiki yangu!"

Wote wawili walikuwa wanapiga kelele, na katika kelele hizo hawakuisikia pampu mpaka Fides alipowanyamazisha. Ilikuwa imebadili mlio. Ilidunda, ikasita, ikadunda. Subilaga aliujua mlio huo kwa kuusoma vitabuni: pampu ilikuwa inajiandaa kunyamaza.

Skolastika alijua bila vitabu. Alilitupa blanketi, akainuka, Fides akimzuia na yeye akimsukuma, akavuta hatua hadi kwenye msumari, akalitoa lile koti la kijani na kumrushia Gama kifuani.

"Vaa."

"Skola, matanga yame..."

"Vaa! Au unaogopa chawa wa Kihehe?"

Mzee alimtazama. Kitu kikalegea usoni mwake. "Chawa siwaogopi," akasema. "Naogopa yule mbwa mliyemla Jumapili asije akabweka humo tumboni mwenu."

"Mwizi wa ng'ombe wewe, mlikuja kwa miguu toka kusini mkifuata harufu ya mboga zetu!"

"Na tukazikuta hazina chumvi!"

Fides alicheka huku analia. Gama alikwisha kuvaa koti, na bega lake la kushoto lilishuka lenyewe, mguu ukajivuta, shingo ikaingia ndani ya kola kama ya mtu anayeuchukia ukungu tangu azaliwe. Subilaga hakuwahi kumwona Severini Kikoti akiwa hai. Alimwona wakati huo. Akafungua kipaza sauti.

Skolastika alikuwa amejishikiza kwenye meza ya seva. Hakuwa anatania tena.

"Siku ile asubuhi nilikwambia vaa koti, ukungu ni mkali," akasema. "Ukanipita kama hukunisikia. Ukapanda juu ya paa na shati tu kusafisha paneli za jua, ukashuka na homa, na homa haikukuacha useme neno. Nimekaa na swali langu mpaka leo. Kwa nini hukuvaa koti, Severini?"

"Umeamkaje, Severini?" seva ikauliza.

"Ngoja kwanza wewe!" mzee akaigeukia, kwa hasira ya kweli, hasira ya miaka. "Huoni naongea na mke wangu?" Kisha akamgeukia Skolastika, akakohoa, akavuta kola. Alipoongea sauti ilikuwa chini. "Ningelivaa, ungekuwa na nini cha kunigombeza? Nilikuachia uwe na la kusema, Skola. Nyumba ikinyamaza utaogopa."

Mkaa ulipasuka jikoni.

"Karibu, Severini," seva ikasema. "Umechelewa."

Vidole vya Subilaga vilikwisha kufika kwenye vibonyezo. Akaita faili la pampu, vipimo vikaja vyote, miaka yote ya marekebisho madogo madogo ya mzee mkaidi. Akatuma kibali. Pampu ilidunda, ikasita, kisha ikashika mwendo, na Fides, kidole kwenye mshipa, akaanza kutikisa kichwa kwa kufuata mdundo, juu chini, juu chini.

"Amtaje msimamizi mpya," Subilaga akamnong'oneza Gama. "Bila hivyo kesho ni yaleyale."

Gama aliielekezea mashine kidevu. "Sikiliza. Naacha kazi. Anayeshika ni huyu mwanamke. Hata mimi, yeye ndiye aliyekuwa ananisimamia."

"Skolastika. Tabia yake ninayo," seva ikasema. "Unaondoka, Severini?"

Hapo mzee alikwama. Angeweza kunyamaza, yule aliyekuwa ndani ya koti angeendelea kuamkiwa kila asubuhi, na hakuna ambaye angeona vibaya. Alimtazama Skolastika. Skolastika aliyafumba macho, akayafumbua, akakubali kwa kichwa.

"Naondoka," akasema, kwa ile sauti. "Na safari hii usinisubiri."

Yale maneno kwenye kioo yakafutika.

Gama alivua koti, akataka kulirudisha msumarini. Skolastika alimshika mkono. "Lako hilo. Ndiyo mila," akamwambia, na Gama akalikumbatia, akaegemea mlango, akalia kwa sauti yake mwenyewe, sauti nyembamba ambayo Subilaga hakuwa ameisikia bado.

Subilaga alipiga Makao.

"Asante kwa kurejesha seva," ikasema sauti tamu. "Je, kufuli lilifunguliwa na mtu asiye msimamizi? Jibu ndiyo au hapana. Ukijibu ndiyo, vibali vyote vya kituo hiki vitasitishwa hadi uchunguzi ukamilike."

Alimkumbuka baba mdogo na simu yake. Kufuli alilolifundisha lilikuwa na tundu, na mahali fulani yupo mwizi ambaye siku moja angeliona. Hilo halikuwa la kufichwa. Lakini lilikuwa refu kuliko ndiyo na hapana. Angelipeleka Mbeya mwenyewe, asubuhi, kwa mtu mwenye masikio, alisimulie lote na koti lake, hata kama litaondoka na beji yake.

"Hapana," akasema. Neno lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na alijua litakaa hapo mpaka Mbeya.

"Asante. Swali la mwisho. Je, msimamizi amethibitisha kifo chake?"

Subilaga akageuka. Skolastika alikuwa amerudi kwenye kiti chake, blanketi magotini, rangi imeanza kurudi midomoni.

"Ndiyo," akajibu. "Amethibitisha mwenyewe."

"Pole sana kwa msiba."

"Iambie asante," Skolastika akasema, akinyoosha mikono kwenye mkaa. "Iambie tumeshapoa."